Mababu Walishuka Wapi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu msomaji, mwezi uliopita alinijia kijana mmoja niliyemsomesha tangu alipokuwa hajui alifu mpaka akakhitimu. Alikaa kitako barazani, akanywa kahawa kikombe kimoja, cha pili hakukigusa. Nikajua ana neno. Alikuwa amepeleka posa katika nyumba ya watu wanaojulikana hapa mjini, na posa imerudi. Aliyetumwa kuleta jibu ni mjomba wa binti. Akasema kijana ana dini, ana kazi, ana adabu, wala hawana la kumlaumu, lakini wao hawajui mababu zake walishuka wapi.

Kijana akaniuliza: "Maalim, walishuka wapi?"

Nikamjibu: walishuka Forodhani. Na mababu wa huyo mjomba walishuka papo hapo. Jibu hilo nililompa barazani nimeona nilieleze leo katika gazeti, kwa kuwa maneno ya mjomba yule si yake peke yake. Yanasemwa Unguja, yanasemwa Pemba, Mombasa na Lamu, na husemwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kusema taratibu kunaipunguza dhambi.

Kwanza tuujue huo mlango. Leo ukimtajia mtoto wa mjini Forodhani, atakumbuka urojo, mishkaki, pweza na maji ya miwa, na vijana wanaojitosa baharini magharibi ikikaribia huku wageni wakiwapiga picha. Sina ugomvi na chakula. Mimi mwenyewe nikipita pale baada ya Isha mkono huingia mfukoni wenyewe. Lakini maana ya neno lenyewe tumeisahau. Forodha ni pahali pa kutozwa ushuru, na bustani ile imekaa juu ya forodha ya Unguja, iliyokuwa koo la biashara ya pwani hii yote. Kila kilichoingia na kila kilichotoka kilipita pale, kikahesabiwa, kikapimwa, kikaandikwa.

Wakati huo hapakuwa na gati la maji ya kina. Meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa mashua na matishari. Majahazi ya kaskazi yalisogea mpaka ufukweni, maji yakitoka yakapwelewa, na watu wakashuka wakitembea majini, mwenye uwezo akibebwa mgongoni mwa hamali. Tende, chumvi, nguo, bunduki na samaki mkavu viliingia hapo. Pembe, sandarusi, karafuu na ngozi vilitokea hapo. Mikataba aliyoifunga Seyyid Said na Wamarekani mwaka 1833, na Waingereza mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844, iliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa walizoziingiza. Na mwenye kuukusanya hakuwa mtumishi wa Seyyid, bali mfanyabiashara aliyeikodi forodha kwa fedha: nyumba ya Jairam Shivji kwa miaka mingi, na Taria Topan naye akaishika baadaye.

Ndipo penye habari ambayo wazee wetu waliifunika kwa mkeka, na sisi tukaja tukakalia juu ya mkeka. Katika vitu vilivyohesabiwa na kutozwa ushuru pale, walikuwamo binadamu. Walilipiwa kwa kichwa.

Hesabu zipo. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza liliweka kamati ya kuichunguza biashara hii, na kamati ikaletewa hesabu za forodha ya Kilwa. Katika miaka mitano, tangu 1862 hadi 1867, walitolewa Kilwa watu 97,203. Kati yao 76,703 waliletwa Unguja. Hao ni walioandikwa kwa sababu walilipiwa ushuru. Waliopitishwa usiku bila ya ushuru hawamo. Mkataba wa mwaka 1845 ulikuwa umekataza kuwapeleka Arabuni, lakini ukaacha wazi njia ya kati ya Kilwa na Lamu, na katika uwazi huo forodha yetu ikashiba. Haikufungwa njia mpaka tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alipotia mkono mkataba wa kukataza kuwasafirisha baharini na kufunga masoko yote ya hadhara.

Mtu wa mjini akitajiwa habari hii huelekeza kidole Mkunazini. Husema, "Aa, hayo yako kule kanisani." Kweli soko la mwisho lilikuwa Mkunazini, na wamishionari wakaanza kujenga kanisa lao pahali pale mwaka ule ule wa 1873, na leo watalii huenda kuona sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Sisi tukafurahi kimoyomoyo kwamba habari imepata pahali pa kukaa, tena pasipo petu. Lakini kabla mtu hajafika Mkunazini alishushwa ufukweni, akahesabiwa, na fedha zake zikaingia forodhani, na kutoka forodhani kodi ikaenda kwa Seyyid, na fedha hizo ndizo zilizojenga mji huu tunaojisifia milango yake. Kanisa halikutoza ushuru. Aliyetoza ni sisi, kwa dola yetu na kwa mkataji wetu.

Najua atakuwapo wa kunijibu kwamba Wazungu nao walifanya makubwa zaidi kule Amerika. Walifanya, tena makubwa mno. Basi je, mtu akikuta jirani yake ameiba ng'ombe, ndiyo yeye amehalalishiwa mbuzi? Na atakuwapo wa kusema kwamba watumwa wetu walitendewa wema, wakala chakula kimoja na mabwana zao. Wengine, ndiyo. Lakini kabla ya chakula hicho kimoja palikuwa na Kilwa, na kabla ya Kilwa palikuwa na njia ya miguu kutoka Nyasa, na walioanguka njiani hawakufika kwenye sinia hilo.

Sasa turudi kwa mjomba. Yeye hakusema "mtumwa". Watu wa adabu hawalisemi neno hilo. Alisema "walishuka wapi", na kila mtu barazani akaelewa. Na akibanwa, mjomba anayo hoja ya vitabu, wala sitamwonea kwa kusema kwamba hana. Atasema: Maalim, wewe ni Shafii na sisi ni Mashafii, na katika vitabu tunavyovisoma kafaa ipo, na katika kafaa mumetajwa nasaba na uhuru, na aliyeguswa na utumwa katika wazee wake si kufu ya asiyeguswa. Kweli imeandikwa. Nimeisomesha mwenyewe zaidi ya miaka thelathini.

Lakini imeandikwa vipi? Imeandikwa kwamba kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wanaweza kuisamehe, na wakiisamehe ndoa ni sahihi isiyo na kasoro. Si nguzo ya ndoa. Si sharti ya kusihi kwake. Binti mwenyewe anamtaka kijana, hilo mjomba analijua. Basi anayeishikilia haki hiyo ni nani, na anaishikilia kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya binti au kwa ajili ya watu wa barazani?

Na lipo jambo la pili, ambalo wenzetu hulipita mbio. Utumwa unaozungumzwa na mafakihi ni ule uliothubutu kwa sharia, ambao mlango wake ni vita vya halali chini ya imamu. Niambieni, ni imamu gani aliyetangaza vita huko Nyasa? Ni jeshi gani la Kiislamu lililoteka watoto wa vijiji vile? Walioletwa Kilwa waliibwa usiku, au waliuzwa kwa deni la mjomba, au kwa njaa, au waliporwa na jirani mwenye bunduki, na bunduki yenyewe ilipita Forodhani ikienda bara. Mtu huru aliyeibwa hawi mtumwa hata akiuzwa mara kumi na kuandikiwa hati kumi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Basi katika wale 97,203, hesabu mwenyewe, ni wangapi walikuwa watumwa kwa sharia, na ni wangapi walikuwa watu huru walioliwa thamani zao?

Fakihi hasemi kwa kubahatisha, husema kwa kanuni, na kanuni ni kwamba asili ya binadamu ni uhuru. Mtoto wa kuokotwa, asiyejulikana baba wala mama, huhukumiwa kuwa huru. Hakuna anayesema tungoje mpaka tujue alishuka wapi. Ikiwa mtoto aliyeokotwa mlangoni kwa msikiti anapewa uhuru kwa kutojulikana, yule aliyeshushwa Forodhani ananyimwaje uhuru kwa kutojulikana huko huko? Kijana wangu, kwa sharia, babu yake ni mtu huru aliyedhulumiwa. Hana doa. Doa, kama lipo, liko kwa muuzaji na mnunuzi, na hao ndio watu wenye nasaba zilizoandikwa vizuri.

Wala si jipya. Zaid bin Haritha (R.A.) alikuwa mtoto huru wa kabila la Kalb. Aliporwa akiwa mdogo, akauzwa katika soko la Ukadh, akafika Makka katika nyumba ya Bibi Khadija (R.A.). Baba yake alimtafuta mpaka akampata, na Zaid akachagua kubaki na Mtume (S.A.W.). Huyo aliyeuzwa sokoni ndiye Mtume aliyemwoza Zainab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe. Mjomba atasema ndoa ile haikudumu. Haikudumu, kama zisivyodumu ndoa nyingi za makufu, na mjini mwetu tunazijua. Basi na atazame ya mtoto. Usama, mwana wa Zaid na Ummu Ayman wa Kihabeshi, Mtume alimshauri Fatima binti Qais, mwanamke wa Kikureshi, akubali kuolewa naye. Bibi yule mwanzo alisita. Kisha akakubali, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kusimulia kwamba Mwenyezi Mungu aliitia kheri ndoa ile mpaka wanawake wakamwonea wivu. Nani katika sisi ana ukoo mkubwa kuliko Makureshi?

Na tukitoka Makka tukarudi Unguja, mambo ni hayo hayo. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai, na wote mama zao walikuwa masuria. Seyyid Majid mama yake alikuwa Mcherkesi. Seyyid Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 na kuuletea mji maji ya mfereji, mama yake alikuwa Mhabeshi. Mabibi hao nao waliwahi kununuliwa kwa fedha. Hakuna aliyethubutu kumwambia Barghash kwamba hajulikani mama yake alishuka wapi. Na sharia haikumpunguzia kitu: mtoto wa suria kwa bwana wake ni huru, ana nasaba ya baba yake na urithi wake kamili. Sasa hizi nyumba za heshima za mjini, ambazo mababu zao walikuwa na masuria wawili, watatu, wanne, leo zinamuuliza mtoto wa watu habari za bibi yake! Bwana Mjomba, mimi naujua mti wa ukoo wenu. Umeandikwa kwa wino mzuri, nao una majina ya wanaume tu. Wale wanawake waliowazaa hao wanaume hawamo. Walishuka wapi?

Nitasema la kwangu, nisije nikaambiwa nanyooshea kidole nyumba za wenzangu. Bibi mzaa babu yangu alikuwa suria. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria Unguja, mwaka 1897, masuria hawakuingizwa katika dikrii ile. Wao walingoja mpaka 1909. Miaka 12 zaidi, ndani ya nyumba ile ile. Sikuwahi kumwona. Lakini nyumbani kwetu alikuwa akitajwa kwa neno moja tu, "marehemu bibi", na nilipokuwa mdogo nikauliza jina lake, shangazi yangu alinitia kidole mdomoni. Jina lake sikulipata mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu, kwa kikongwe wa mtaani aliyelisikia kwa mama yake. Ukoo wa babu yangu naweza kuuhesabu migongo saba. Wa bibi huyo siwezi kuvuka hata mgongo mmoja: baharini, kisha basi.

Nimeishi na aibu ile ya kufunikiwa kwa miaka mingi, ndugu msomaji, na nikija kuitazama naona hakuwa yeye aliyestahiki kufichwa.

Na kuficha huku ndiko kulikolifanya lile gofu la forodha liwe bubu. Miaka ya 1920 lilipojengwa gati la maji ya kina kule Malindi, shughuli zilihama, mabanda ya pale pa zamani yakaondolewa. Mwaka 1936 ikafanywa bustani, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Haroub. Mwaka 1956 likajengwa lango ufukweni kwa ajili ya Princess Margaret wa Uingereza, aliyekuja kwa ziara akaenda zake. Mwaka 2009 bustani ikafunguliwa upya baada ya kutengenezwa kwa msaada wa Aga Khan, kazi safi, sina la kusema. Nyuma iko Ngome, mbele ya Beit al-Ajaib iko mizinga ya Kireno. Kwa hiyo ufukwe ule una ukumbusho wa Seyyid, na wa binti wa mfalme wa watu, na wa mizinga ya Mreno. Mimi nimepita pale maelfu ya mara, na sijaona jiwe linalowataja wale 76,703 wa miaka mitano, wala wa kabla yao, wala wa baada yao. Hamali waliobeba kila gunia la karafuu lililotoka kisiwani, nao hawana hata kibao.

Waliokuwa wakilia Beit al-Ajaib ilipoporomoka, tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafa, niliwasikia. Nami nililia. Lakini kulia kwetu kulikuwa kwa mawe na minara, na mji huu umezoea kulilia mawe. Nyumba ikianguka, dunia nzima inaona. Mji Mkongwe umo katika urithi wa ulimwengu tangu mwaka 2000, na watakuja watu na fedha zao na vipimo vyao. Jina la mtu likianguka haji mtu. Hilo hutengenezwa na wenyewe nyumbani, kwa kumwambia mtoto bibi yako aliitwa fulani, alishushwa Forodhani, alidhulumiwa, na sisi ni damu yake.

Wapo wanaosema habari hizi tuziache, zitawapa maadui wa dini la kusema. Mimi naona kinyume chake. Adui hupata la kusema pale anapotukuta tunaficha. Mtu anayesema mwenyewe, "Hili walilifanya wazee wangu, na dini yangu inalilaani," hana cha kunyang'anywa. Lakini anayesema "hayakuwapo", kisha jioni akarudisha posa kwa ajili ya hayo hayo ambayo hayakuwapo, huyo ajibu nini akiulizwa? Ikiwa hakukuwa na watumwa, kijana huyu mmemkatalia nini? Na ikiwa walikuwapo, mbona mnakataa yasiandikwe? Chagueni moja. Hamwezi kuifuta historia msikitini na kuisoma kwenye posa.

Jumamosi iliyopita niliwachukua wanafunzi wangu wakubwa, wanaume kwa wanawake, baada ya Laasiri. Hatukununua kitu. Tulisimama ukingoni, maji yalikuwa yanatoka, nikawaonesha pale majahazi yalipokuwa yakipwelewa, na njia ya kupandia. Nikawaambia kila mmoja aende nyumbani akaulize jina la mama wa babu yake na mama wa bibi yake, aniletee. Waliokuja na jina mpaka leo ni tisa katika thelathini na mmoja. Wawili wamefukuzwa na bibi zao kwa kuuliza.

Bwana Mjomba, najua gazeti hili linaingia nyumbani kwako. Sikukutaja, wala sitakutaja. Kijana bado hajapeleka posa kwengine, na binti, kwa ninavyosikia, bado yuko katika neno lake. Mimi huwapo barazani kwangu kila siku baada ya Magharibi, isipokuwa Alkhamisi, siku ya maulidi. Njoo na mti wa ukoo wenu, nami nitaleta wangu, tuutazame pamoja pale ulipokatika.